Kukandwa Mwili Mjini: Tutambueje Mahali Panapofaa?

Kati ya barua tulizopokea hivi karibuni zimo mbili ambazo hatukupenda kuzijibu kwa mistari miwili mitatu, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Ya kwanza imetoka kwa mzee mmoja, katekista mstaafu. Anasema mgongo unamsumbua kwa karibu miezi minne sasa. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam amemwita aende kwake, akaahidi kumpeleka kwenye spa, yaani nyumba ambamo watu hukandwa mwili kwa mafuta, ili mgongo upate kulegea. Mzee anauliza mambo mawili: je, hiyo ni tiba? Na je, mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kuingia mahali kama hapo bila aibu?

Barua ya pili imetoka kwa mama ambaye binti yake wa miaka 19 ameahidiwa kazi ya kukanda wateja katika mji huohuo. Mshahara ni mkubwa, nauli atalipiwa, mafunzo atapewa akifika. Mama anasema tangu siku ile hapati usingizi.

Tumeona barua hizi zijibiwe pamoja, kwa sababu anayekwenda kukandwa na anayekwenda kukanda wote wawili wanahitaji kujua nyumba nzuri inafananaje.

Si jambo geni kwetu

Kukandwa hakukuletwa na hoteli za kitalii. Pwani, bibi harusi husingwa kwa singo la liwa, asumini na mawaridi siku kadhaa kabla ya arusi. Mvuvi aliyeteguka bega huchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Bara nako kila kijiji kina mama au babu anayejulikana kwa mikono yake, na anayeamka na shingo imekakamaa hupelekwa kwake kabla ya kupelekwa zahanati. Basi mzee wetu asidhani kwamba anaingia katika mambo ya kigeni. Kilichobadilika ni mahali na bei, na pia kwamba kijijini humjua anayekukanda, humjua mama yake na humjua aliyemfundisha. Mjini hujui lolote kati ya hayo. Unaingia chumbani kwa mtu usiyemfahamu, unavua nguo, unalala kifudifudi, unampa mgongo wako. Ndiyo maana yafaa kuuliza kwanza.

Faida zake ni za kweli, ila zina mipaka. Mikono inapokanda polepole, misuli iliyojikaza hulegea, mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ngozi hupeleka habari za utulivu kwenye ubongo, moyo hupunguza mwendo, na watu wengi hulala vizuri usiku huo. Anayeumwa mgongo kwa sababu ya kuinama shambani au kukaa kutwa kwenye cherehani anaweza kupata nafuu. Nafuu hiyo ni ya siku kadhaa au majuma machache. Haidumu asipobadili namna ya kukaa na asipofanya mazoezi. Tunasema hivi kwa sababu nyumba nyingi mjini zinauza mengi zaidi ya hayo. Utasoma ukutani kwamba kukandwa kunatoa sumu mwilini. Kazi ya kuondoa uchafu katika damu inafanywa na ini na figo, bure, usiku na mchana, wala haingoji mtu wa kuzikanda. Utasoma pia kwamba kunayeyusha kitambi, kunaponya kisukari, kunanyoosha kizazi kilichopinda, kunaondoa uvimbe wa tumbo la uzazi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Mahali penye tangazo la namna hiyo pameshakuonyesha kwamba hapaheshimu ukweli, na hapo hapakufai hata kama mataulo yake ni meupe kama theluji ya Kibo.

Mgongo wa mzee wetu

Sasa tuseme lililotufanya tumwandikie mzee yule mara moja bila kungoja gazeti lichapwe. Mwishoni mwa barua yake, baada ya kutusalimia na kuuliza habari za mhariri, aliongeza sentensi moja kama mtu anayetania: kwamba siku hizi suruali zote zinampwaya, na mkewe anabadili shuka kila asubuhi kwa jasho lake.

Maumivu ya mgongo yanayozidi kwa miezi, yanayouma hata usiku ukiwa umelala, pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. Vijidudu vyake vinaweza kusafiri ndani ya damu vikajenga katika pingili za mgongo na kuzila taratibu. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na hata leo uko miongoni mwetu. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Pingili zilizoliwa hulegea, kisha huporomoka. Mgongo hutokeza kibiongo, na miguu huanza kuishiwa nguvu. Fikirini mtu mwenye pingili za namna hiyo anapolala kifudifudi na kijana mwenye nguvu zake akamwekea kiwiko katikati ya mgongo.

Tena hasara yenyewe si ya kiwiko peke yake. Ipo pia hasara ya muda. Akikandwa leo anapata nafuu kidogo, anasema inasaidia, anarudi juma lijalo, na miezi mitatu mingine inapita huku ugonjwa unaendelea. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali Tanzania na katika hospitali nyingi za mashirika ya dini. Dawa humezwa kwa miezi, na ule wa mifupa mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko ule wa mapafu, lakini unatibika. Makohozi peke yake hayatoshi kuutambua; mara nyingi huhitajika picha ya mgongo. Mzee ametujibu. Amepigwa picha katika hospitali ya wilaya, na ameanza dawa. Safari ya Dar es Salaam imeahirishwa.

Si kila mgongo unaouma ni kifua kikuu, na hatutaki kuwatia watu hofu. Mingi ni uchovu wa misuli tu. Lakini nendeni hospitali kwanza, spa baadaye, ikiwa maumivu yamepita majuma sita, ikiwa yalianza baada ya kuanguka, ikiwa mwenye kuumwa amewahi kutibiwa saratani, au ikiwa kuna homa na kukonda. Na mtu ambaye mgongo unamuuma kisha akaanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au akafa ganzi sehemu za kukalia, asingoje hata kupambazuke. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Mguu uliovimba

Lipo jambo jingine ambalo wakandaji wachache sana hulijua, na linaua. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza miguu, kama vile katika safari ya basi ya kutwa nzima, au akilazwa kitandani baada ya upasuaji, au mama akiwa mjamzito au ametoka kujifungua, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Mguu mmoja huvimba kuliko mwingine, nyama ya nyuma ya goti kushuka chini huuma na kuwa na joto. Mtu husema, "Ni uchovu wa safari, nikandwe tu." Donge lile la damu likisukumwa kwa vidole linaweza kung'oka, likapanda hadi moyoni na kuingia mapafuni. Pumzi hukatika ghafla, kifua huchoma, na wengine hawafiki hospitali. Kwa hiyo mguu mmoja uliovimba na kuuma haukandwi, haupakwi dawa ya kuchua, haufungwi kwa kitambaa. Unapelekwa kwa daktari, leo.

Na kwa kuwa tumetaja waliojifungua, tuseme kidogo juu ya desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Tunajua inafanywa kwa upendo, na mama mkwe anayeifanya huamka alfajiri kuchemsha maji. Lakini tumbo la uzazi baada ya kujifungua hurudi mahali pake lenyewe kwa kukaza misuli yake, halihitaji kuunguzwa. Maji yanayofuka huunguza ngozi, yanaweza kuongeza damu kutoka, na aliyepasuliwa kidonda chake kinaweza kufumuka au kuoza. Mama huyo aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, asuguliwe mgongo na mabega kwa mafuta, apewe uji, aachwe alale. Tumbo lisiguswe. Kadhalika mjamzito asikubali kuchuliwa tumbo ili mtoto "akae vizuri." Kondo la nyuma linaweza kubanduka na mama akavuja damu ndani kwa ndani. Mtoto aliyekaa vibaya ni kazi ya hospitali.

Kutafuta nyumba yenyewe

Tuseme basi umepimwa, huna ugonjwa, ni uchovu tu, nawe uko Dar es Salaam na ungependa kukandwa. Uanzie wapi?

Mwenye maumivu ya kweli tungemshauri aanzie katika idara ya fiziotherapia ya hospitali, wala si spa. Hawa ni wataalamu wa viungo waliosoma vyuoni miaka kadhaa. KCMC, Moshi, imekuwa ikiwafundisha kwa muda mrefu. Dar es Salaam utawakuta Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa iliyopo hapohapo, na CCBRT kule Msasani. Mwanza wapo Bugando. Wao hukukanda ikihitajika, lakini kazi yao kubwa ni kukufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani, na hapo ndipo nafuu ya kudumu inapopatikana. Wengine hulalamika kwamba wamelipa pesa wakaishia kufundishwa kunyoosha miguu. Hilo ndilo mlilolipia, ndugu zetu.

Anayetaka kupumzisha mwili tu ndiye wa spa. Huyo tunamshauri asitegemee bango la barabarani. Aulize watu anaowaamini ambao wamekwishakwenda: muuguzi, mwalimu, mama wa jumuiya. Kisha aende mchana, siku ambayo hana nia ya kukandwa, akaangalie tu na kuuliza bei. Nyumba nzuri haichukii mtu wa kuangalia. Ina mlango unaojulikana, mapokezi yenye mwanga, leseni ya biashara ukutani, na orodha ya bei iliyoandikwa waziwazi. Tangazo lake linaeleza kazi inayofanywa. Ukiona tangazo limejaa picha za wasichana, au nyumba inafunguliwa jioni na kufungwa alfajiri, au mhudumu anakuambia bei kamili utaelewana na dada huko ndani, toka. Usione haya kutoka. Maneno kama "huduma ya ziada" yana maana moja tu, na kila mtu mjini anaijua.

Jambo hili wala si la Dar es Salaam peke yake, tena si la leo. Mwaka 1894 huko London magazeti yaliandika habari za nyumba zilizojiita za kukanda wagonjwa kumbe zilikuwa madanguro, na gazeti la madaktari wa Uingereza likaonya juu yake. Wauguzi wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa uaminifu, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliona jina lao linachafuliwa. Hawakuacha kazi. Waliunda chama cha wakandaji waliofundishwa, wakaweka mitihani na masharti: hakuna kumkanda mtu bila maelekezo ya daktari, hakuna kujitangaza isipokuwa katika magazeti ya utabibu, hakuna kumwuzia mgonjwa dawa. Wanaume hawakukandwa mwili mzima ila kwa ombi maalumu la daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na tangu 1944 kinajulikana kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Kwa maneno mengine, utaalamu unaoheshimiwa leo hospitalini ulitokana na wanawake wanne waliokataa kazi yao ifananishwe na uchafu.

Masharti yale ya kwanza hayawezi kufuatwa yote leo, lakini moja linabaki kuwa kipimo chetu kikubwa: kabla ya kuguswa, uulizwe habari za afya yako. Mkandaji mzuri atakuuliza kama una shinikizo la damu, kisukari, selimundu, mimba. Kama umewahi kuvunjika au kupasuliwa. Kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Kama mafuta yoyote yanakuwasha. Wengine wana karatasi ya kujaza. Ukijibu kwamba una homa, atakurudisha nyumbani, na atakosa pesa yako siku hiyo. Sisi tungempenda huyo kuliko mwenye chumba kizuri. Mahali ambapo hukuulizwa hata swali moja, hata kama pana maua majini na muziki wa taratibu, hawajui wanachokifanya.

Ndani ya chumba angalia mikono. Je, ameinawa mbele yako? Kucha ni fupi? Pete amevua? Shuka limebadilishwa au bado lina joto la aliyetangulia? Mafuta yanamiminwa kutoka chupani au yanachotwa kwa vidole katika kopo la wote? Mapunye na upele huhama kwa njia hiyo. Mlango usiwe wa kufungwa kwa ufunguo kutoka ndani. Mzee anaweza kuingia na mwanawe, mama na dada yake. Nyumba inayokataza msindikizaji ina lake jambo. Unayo haki ya kuchagua kukandwa na mwanamume au mwanamke. Unabaki na nguo ya ndani, na mwili hufunikwa kwa shuka au kanga, ikifunuliwa sehemu inayokandwa tu. Sehemu za siri haziguswi kwa sababu yoyote ile, wala matiti. Mkono ukipotea njia, sema. Ukipotea mara ya pili, inuka, vaa, uondoke, na kama umelazimishwa toa taarifa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Orodha ya bei nayo yahitaji kusomwa. Masaji ya Kiswidi ni ile ya kupapasa na kukanda kwa mafuta, na ndiyo laini zaidi kwa anayeanza. Ya Kithai, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa binadamu, hufanywa ukiwa umevaa nguo, juu ya godoro la chini, kwa kubonyeza na kuvuta viungo. Kijana ataifurahia, bibi mwenye mifupa dhaifu asiijaribu. Ile ya nguvu, ya kufika misuli ya ndani, haiwafai wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Mawe ya moto hayamfai mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, kwa kuwa ataungua bila kujua. Chumba cha mvuke kisitumiwe na mjamzito wala mwenye ugonjwa wa moyo asiyepata ruhusa ya daktari. Na wapo wanaoongeza kuumika kwa chuku. Kama kuna kuchanja, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. UKIMWI na homa ya ini havisamehi wembe wa jana.

Shingo hatutaki hata kidogo ichezewe. Ule mtindo wa kushika kichwa na kukizungusha ghafla mpaka kilie "kwa!" unapendwa sana, na vinyozi wengine huufanya kama zawadi baada ya kunyoa. Katika shingo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ikichanika, mtu anaweza kupata kiharusi, hata kijana. Hutokea kwa nadra, lakini faida ya ule mlio ni nini? Mwambie kinyozi mapema: "Kaka, shingo niachie."

Maumivu pia yana kipimo. Kuna uchungu mtamu wa msuli unaolegea. Unapumua nao, unapita. Kuna uchungu mkali unaochoma kama umeme au kukufanya uzuie pumzi. Huo wa pili si wa kuvumilia. Mkandaji anayekuambia "vumilia, ndipo inapotoka" amekosea, naye mlipaji ni wewe.

Kuhusu wale wanaosema wanatibu magonjwa kwa mikono, mafuta au mitishamba: Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na vituo vyao. Ni haki yako kuomba kuona cheti cha usajili. Na usilipe mara kumi kwa mkupuo eti kwa sababu kuna punguzo. Lipa moja, uone mwili wako utasemaje.

Kazi ya binti

Tumfikie mama wa barua ya pili. Kukanda watu ni kazi halali na ya heshima. Wapo mabinti na vijana wanaoishi kwayo vizuri, katika hoteli, katika viwanja vya michezo, katika nyumba walizofungua wenyewe. Lakini biashara haramu ya kusafirisha watu hupita mara nyingi katika ahadi kama hiyohiyo: mshahara usiolingana na elimu, nauli ya kukopeshwa, haraka ya kuondoka. Akifika, anaambiwa nauli na chumba ni deni, simu na kitambulisho vinachukuliwa, na kazi inageuka kuwa nyingine. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 inaliita jambo hilo kosa la jinai, na aliyedanganywa si mhalifu.

Tulimwomba mama aulize maswali machache kwa simu, yeye mwenyewe, si binti. Nyumba iko mtaa gani, na jina la mwenyewe ni nani? Mkataba utaandikwa lini, kabla ya safari au baada? Binti atalala wapi na nani? Anaweza kuongea na msichana mwingine anayefanya kazi hapo? Ndugu yetu aliyeko Dar es Salaam anaweza kupita mchana kupaona? Mwajiri wa kweli hujibu maswali haya, hata kama kwa kuchoka kidogo. Mama alipiga simu. Swali la mtaa lilijibiwa kwamba gari litampokea stendi. Alipoomba jina la mwenye nyumba, simu ilikatwa, na kesho yake namba haikupatikana tena. Amepeleka namba hiyo polisi. Binti anauliza sasa habari za vyuo vinavyofundisha kazi hiyo kwa cheti, na sisi tunamtafutia.

Nyumbani bila spa

Wengi wenu mnaosoma hapa hamtakwenda spa yoyote, na bei zenyewe si za mfuko wa mkulima. Inatosha kuwa na mkeka, mafuta ya nazi au ya alizeti yaliyopashwa kidogo, na mtu anayekupenda. Anayekandwa alale kifudifudi, mto mdogo chini ya vifundo vya miguu. Anza kwa kupapasa mgongo mzima kwa viganja, kutoka kiunoni kwenda mabegani, mpaka ngozi ipate joto. Kisha kanda kwa vidole gumba misuli iliyo kandokando ya uti wa mgongo. Juu ya mfupa wenyewe usikandamize kamwe. Mabega yafinyange kama unga wa chapati. Miguu ikandwe kuelekea juu, upande wa moyo, baada ya kuhakikisha haina uvimbe wala mishipa iliyotuna. Dakika 20 zinatosha. Mkandaji atumie uzito wa mwili wake, asitumie nguvu za vidole peke yake, la sivyo kesho atakandwa yeye.

Ukimaliza, mzee asiinuke ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kipite. Misuli kuuma kidogo siku moja au mbili ni kawaida. Mguu kuvimba, kifua kubana, mkono au mguu kupoteza nguvu, mdomo kwenda upande si kawaida, na hapo ni hospitali bila kuchelewa.

Mzee wetu aliuliza jambo la mwisho ambalo tulikuwa tumelisahau. Daktari akimruhusu siku moja, na mwanawe akishika ahadi yake, je, ataruhusiwa kubaki na fulana yake? Ndiyo, Mzee. Waambie tu mapokezini kabla hujaingia, watakukanda juu yake.